Mlima usiolipwa kwa mita hulipwa kwa breki

Kwenye barabara za milimani yako mawe ambayo hayakuporomoka kutoka juu. Yamewekwa. Lori lililojaa shehena limeishiwa nguvu katikati ya mpando, limeanza kurudi nyuma, na utingo ameruka chini na jiwe mkononi kulisukumiza chini ya tairi la nyuma. Dereva anapata nafasi ya kupanga gia, injini inaunguruma, moshi mweusi unatanda, lori linajivuta taratibu na kuondoka. Utingo anadandia. Jiwe linabaki palepale, likimsubiri mwendesha bodaboda atakayepita usiku.

Mawe hayo yana habari ya kutueleza, kwa sababu hayakutapakaa ovyo. Kwenye sehemu iliyonyooka utaona moja moja. Mengi utayakuta kwenye kona, hasa kona zile zinazopinda mpaka gari linaelekea lilikotoka. Iwe Kitonga mkoani Iringa au mlima mwingine wowote unaopandwa na malori ya masafa, mlima ni uleule, lori ni lilelile na dereva ni yuleyule, ila lori lililopanda mita mia tano za kwanza bila shida linashindwa kwenye mita sitini za kona. Watu wa barabarani wanalijua hilo kwa uzoefu. Wahandisi wanalijua kwa hesabu: kona ni mlima wa ziada, kwa hiyo barabara inayopanda ikifika kwenye kona kali, mteremko wake unapaswa kupunguzwa.

Kanuni hiyo ni ya zamani, imo vitabuni, na haihitaji mtambo wala teknolojia ngeni. Hoja yangu ni kwamba tumewaachia wataalamu wachache waizungumze wao kwa wao, ilhali ni suala la usalama na la fedha za umma. Mwananchi anastahili kuliuliza kabla mkandarasi hajashusha mitambo, si baada ya mazishi.

Kona inaongeza nini

Tuanze na kipimo. Mhandisi akisema mteremko wa asilimia 6, maana yake kila mita 100 unazokwenda unapanda au kushuka mita 6. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori na tela lake kufikia tani 56. Kwa lori la uzito huo, kila asilimia moja ya mteremko ni nguvu ya kulirudisha nyuma inayolingana na uzito wa kilo 560. Kwenye asilimia 6 nguvu hiyo inazidi tani tatu, na injini haipewi hata dakika ya kuitua mpaka mlima uishe.

Sasa lori liingie kwenye kona. Kichwa kimeshageuka, tela bado linaelekea kule kwa mwanzo. Nguvu ya kichwa haiendi yote kulivuta tela mbele. Sehemu yake inapotea katika kulivuta upande. Ekseli tatu za nyuma za tela hazina usukani. Zimefungwa sambamba, na kwenye kona kali haziwezi zote kufuata duara moja, hivyo matairi yanaburuzwa kiubavu juu ya lami. Ukisimama pembeni utausikia mlio wake, na ukiangalia chini utaona michirizi myeusi iliyopinda. Mpira ule umebanduliwa kwa nguvu ya injini ambayo ingetumika kupanda. Jua likiwa kali, lami yenyewe nayo inasukumwa na kukunjamana, na baada ya miaka michache upande wa ndani wa kona unakuwa na mifereji miwili ya magurudumu ambayo gari dogo likiingia halitoki kirahisi.

Hilo ni la kwanza. La pili halionekani kwa macho, na hata kwenye michoro ni rahisi kulipita. Chukua kona inayogeuka nusu duara, yenye nusukipenyo cha mita 20 ukipima kwenye mstari wa katikati, barabara ikiwa na upana wa mita 8. Mchoro unasema mteremko ni asilimia 8. Ni kweli, lakini ni kweli kwenye mstari wa katikati tu. Kwenye mstari huo kona ina urefu wa karibu mita 63 na inapanda mita 5. Ukingo wa ndani unapanda mita 5 zilezile, ila urefu wake ni mita 50. Gawanya, utapata asilimia 10. Ukingo wa nje, wenye urefu wa mita 75, haufiki asilimia 7. Barabara moja, kona moja, milima mitatu.

Tanzania na Kenya tunaendesha upande wa kushoto. Lori linalopanda huku linakata kushoto ndilo linaloangukia ukingo wa ndani, penye mlima mkali na nafasi finyu kuliko kwingine kote. Kona inayofuata ikikata kulia kwa anayepanda, zamu ya kuumia ni ya anayeshuka. Ndiyo maana dereva wa semi hutanua. Anatoka mpaka upande wa wenzake, anazungukia nje, kisha anaingia. Askari wa usalama barabarani humwandikia faini kwa kuhama njia yake, na kisheria yuko sahihi, kwa kuwa basi linaweza kutokea mbele wakati wowote. Lakini tela lake haliwezi kupita ndani bila kupanda ukingo, na hata lingepita, kule ndani ni asilimia 10. Anatafuta asilimia 7. Anachokifanya kwa usukani ni kile ambacho msanifu alipaswa kumfanyia kwa kalamu.

La tatu ni kasi. Kwenye sehemu iliyonyooka gari zito huweza kuingia mpandoni na mwendo wa kulisaidia. Kona inamlazimisha dereva kuuacha mwendo huo, na akishashuka mpaka gia ya kwanza katikati ya mlima, kurudi gia ya pili ni kazi nyingine. Hapo ndipo utingo anapoanza kutafuta jiwe.

Hesabu iliyotoka kwenye reli

Wahandisi wa reli walitangulia kuweka kanuni, kwa sababu treni ndiyo inayoadhibiwa haraka. Gurudumu la chuma juu ya chuma lina mshiko mdogo, na mabehewa yaliyoingia kwenye kona yote husuguana na reli kwa wakati mmoja. Kwenye reli za India, kila digrii moja ya kona inakatwa mteremko wake: asilimia 0.04 kwa geji pana na asilimia 0.03 kwa geji ya mita. Geji hiyo ya mita ndiyo iliyotumiwa na Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Tarakimu hizo zinaonekana kama chenji, lakini kwenye reli asilimia 2 tayari ni mlima mkubwa, na sehemu ya kumi ya asilimia inaweza kuamua kama treni itapanda au itasimama.

Barabara zilichukua wazo hilohilo. Miongozo ya Indian Roads Congress, chombo cha wahandisi wa barabara wa India kilichoanzishwa mwaka 1934, inatoa kanuni ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikokotoa. Chukua nusukipenyo cha kona kwa mita. Kijumlishie 30, kisha ugawe kwa nusukipenyo kilekile. Jibu ndiyo asilimia ya kupunguza, mradi lisizidi 75 ikigawanywa kwa nusukipenyo hicho.

Tujaribu. Kona ya mita 60: hesabu ya kwanza inatoa 1.5, kikomo kinatoa 1.25, tunachukua 1.25. Barabara iliyokuwa ikipanda kwa asilimia 6 inapaswa kupita kwenye kona hiyo kwa asilimia 4.75. Kona ya mita 30 inapunguziwa asilimia 2, inabaki 4. Kona pana ya mita 300 inapunguziwa robo ya asilimia, ambayo hata dereva wa lori hawezi kuihisi. Kwa maneno mengine, kanuni inajua kuchagua: kona pana inaachwa ipite, kona kali inabanwa. Na kwa lori letu la tani 56, asilimia 1.25 ile ya kona ya mita 60 ni kilo 700 zilizoondolewa mgongoni mwa injini pale inapozihitaji zaidi.

Kanuni ina kikomo upande wa pili pia. Mteremko usiozidi asilimia 4 haupunguzwi, na mkali zaidi nao haushushwi chini ya hapo. Mlima wa asilimia 4 lori linaumudu hata kwenye kona, na kulaza barabara kupita kiasi kuna balaa lake. Kabla ya kona, lami hugeuza mlalo wake kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na katikati ya mgeuko huo kuna mahali ambapo haijalala upande wowote. Pasipokuwa na mteremko wa mbele, maji ya mvua yanatuama hapo. Gari linalokuja kasi linateleza juu yake, na mashimo ya kwanza ya barabara mpya mara nyingi huanzia sehemu za namna hiyo.

Mwinuko haufutiki

Msomaji makini atakuwa ameshauliza swali lake. Mlima si uko palepale? Ukipunguza mteremko kwenye kona, kimo kile ambacho hukukipanda kinakwenda wapi?

Hakiendi popote. Kinabaki kuwa deni, na hapa ndipo usanifu mzuri unapoachana na usanifu wa kukwepa gharama. Tuchukue mlima wa kupanda mita 300. Kwa asilimia 6 mfululizo, unahitaji kilomita 5. Tuseme kilomita 2 kati ya hizo ni kona za nusukipenyo cha mita 60, nasi tumezipunguzia asilimia 1.25. Tumepoteza mita 25 za kimo. Njia za kuzipata ni mbili. Ya kwanza ni kurefusha barabara kwa takriban mita 420, mteremko wa sehemu zilizonyooka ukibaki asilimia 6 ileile. Ya pili ni kuacha urefu ulivyo na kuzikaza sehemu zilizonyooka mpaka zifike karibu asilimia 7.

Njia ya pili inavutia kwa sababu haiongezi hata mita moja kwenye bajeti. Ni mtego. Anayepanda anapumzishwa kwenye kona kisha anachapwa kwenye nyoofu. Anayeshuka hali yake ni mbaya zaidi: anashushwa kwa asilimia 7 kwenye sehemu inayomshawishi aachie gari, kisha anaingizwa kwenye kona akiwa na kasi kubwa na breki zenye moto. Kona imelainishwa, lakini mlango wa kuingilia kona umekuwa mkali. Tumehamisha hatari mita mia mbili nyuma na kuandika kwenye ripoti kwamba kanuni imezingatiwa.

Kwa hiyo njia halali ni moja: urefu. Na urefu ni fedha. Kilomita moja ya barabara kuu ya lami hapa Tanzania inazidi shilingi bilioni moja, na mlimani bei inapanda zaidi kwa sababu ya kukata miamba, kujenga kuta za kuzuia udongo na kupitisha maji ya mabonde. Mita 420 si jambo dogo. Mtu wa hazina ana haki ya kuuliza kwa nini tuzilipie.

Jibu ni kwamba zitalipwa tu. Kila mita ya kimo ambayo msanifu hakuilipa kwa urefu wa barabara, dereva atailipa kwa breki, kwa dizeli na kwa matairi, kila siku, kwa miaka yote ambayo barabara hiyo itadumu. Msanifu analipa mara moja. Dereva hamalizi.

Nikiri upande wa wahandisi pia. Haiwezekani kupunguza na kukaza mteremko kwenye kila kona iliyo karibu na nyingine, barabara ikawa inainuka na kulala kila baada ya hatua chache. Kila badiliko la mteremko linahitaji urefu wake wa kulainika, ili gari lisirushwe na dereva asipotezewe macho ya mbele. Kona zikifuatana kwa karibu, msanifu analazimika kuushusha mteremko wa kipande kizima. Na kona ile kali kuliko zote haipaswi kuchorwa popote inapoangukia. Inatafutiwa bega la mlima, mahali ambapo ardhi yenyewe imelala, ili kuilainisha kusigharimu uchimbaji mkubwa. Hapo ndipo uzoefu wa mtu aliyeutembea mlima kwa miguu unapoizidi kompyuta.

Anayeshuka anabeba injini nzima kwenye breki

Nimezungumza sana juu ya kupanda kwa sababu ndiko kanuni ilikozaliwa. Lakini wanaokufa ni wale wa upande wa kushuka.

Lori la tani 56 likishuka mteremko wa asilimia 6 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa linahitaji kuzuiwa kwa nguvu ya takriban kilowati 300. Hizo ni nguvu-farasi 400, yaani nguvu ya injini nzima ya lori kubwa, na zote lazima zigeuke kuwa joto. Dereva aliyeingia mteremkoni na gia ndogo anaachia injini na breki ya egzosi zibebe sehemu kubwa. Aliyeingia na gia kubwa, au aliyepiga fri, yaani kuliachia lori bila gia, ili kuokoa dizeli, anauangusha mzigo wote kwenye ngoma za breki. Ngoma ikishika moto inatanuka, laining inapoteza mshiko, na pedali inayokanyagwa kwa nguvu zote haileti kitu. Wakenya wanalijua hilo kwa uchungu kutokana na Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako kwa miaka mingi kuachia malori bila gia kumetajwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya ajali.

Sasa gari hilohilo lifike kwenye kona. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu, na mshiko huo unagawanywa: sehemu ya kubana breki, sehemu ya kukata kona. Anayeshuka anahitaji vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwenye kona ya mita 60, gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linasukumwa nje kwa nguvu inayolingana na asilimia 21 ya uzito wake. Likienda 50, asilimia 33. Likienda 70, asilimia 64. Lori lenye shehena ya juu, kama tangi la mafuta, linaweza kupinduka likisukumwa kwa asilimia kati ya 30 na 40. Soma tena tarakimu hizo. Kati ya kupita salama na kulala ubavu pana kilomita 10 tu kwa saa, tofauti ambayo breki zilizochemka haziwezi kuihakikisha.

Wako watakaosema dawa ni kuinua ukingo wa nje wa kona ili barabara ilale kuelekea ndani. Inasaidia, na hufanyika. Lakini nayo ina bei. Barabara inayoteremka kwa asilimia 8 na kulala upande kwa asilimia 6 ina mteremko halisi wa kwenda mshazari wa asilimia 10. Ni hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni, sita na nane huzaa kumi. Basi linalokwenda kasi linanufaika. Lori linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea linaegemea ndani, uzito unahamia matairi ya upande wa chini, na shehena iliyofungwa vibaya inaanza kuhama. Wajapani wameliona hilo, na kanuni zao zinaweka kikomo kwa mteremko huo wa pamoja, kati ya asilimia 10 na 11.5 kwa kutegemea kasi ya barabara. Ukishalijua hilo, unaona kwamba njia salama ya kukupa nafasi ya kuilaza kona ni kuipunguzia kwanza mlima.

Tarehe 24 Julai 2022 basi la abiria liliacha njia kwenye daraja la Nithi, barabara ya Meru kwenda Nairobi, likatumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Taarifa za mwanzo zilitaja breki. Huenda breki zilikuwa na hitilafu, sina sababu ya kubisha. Lakini barabara pale inateremka safari ndefu kuelekea bondeni, na huko chini ndiko gari linakotakiwa kupinda na kuingia darajani. Barabara ya namna hiyo inaziomba breki kazi kubwa kuliko zote mahali ambapo tayari zimechoka kuliko kote. Breki zikifeli hapo, si breki peke yake zilizofeli.

Kupanua si kutibu

Linalonifanya niandike sasa ni hamu yetu ya kupanua barabara za milimani. Ni hamu halali. Barabara ya kwenda Zambia ilipewa uzito wake wa leo baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ikalazimika kupitisha mafuta yake Dar es Salaam kwa malori, kwenye njia ya vumbi na matope ambayo wageni waliibatiza njia ya kuzimu. Lami ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Malori ya wakati ule hayakuwa ya tani 56, wala foleni ya shaba na mafuta ya Zambia na Kongo haikuwa kama tunayoiona leo. Lori moja likikwama kwenye kona ya Kitonga, iliyo kwenye barabara hiyohiyo, nchi mbili au tatu zinasimama.

Lakini angalia kinachoweza kutokea tukipanua bila kugusa mteremko. Turudi kwenye kona yetu ya nusukipenyo cha mita 20. Tuseme mkandarasi ameongeza mita 4 upande wa ndani, kwa kuwa upande wa nje ni genge na ukuta wake ni ghali. Ukingo mpya wa ndani una nusukipenyo cha mita 12. Urefu wake umepungua kutoka mita 50 hadi chini ya mita 38, na kimo cha kupanda ni kilekile, mita 5. Mteremko wa njia hiyo mpya ni zaidi ya asilimia 13. Tumetumia mabilioni kujenga njia ya ziada ambayo lori lililojaa haliwezi kuitumia kwa usalama, likipanda wala likishuka. Kwenye picha za uzinduzi itaonekana pana na nyeusi na nzuri. Madereva wataikwepa, au watakwama, na trafiki atawaandikia faini.

Upanuzi wa kona ya mlimani ufanywe pamoja na kuchonga upya kimo chake, au kuhamisha mstari wa katikati, au vyote viwili. Hilo likishindikana kwa fedha zilizopo, ni afadhali kutibu kona tatu mbaya kikamilifu kuliko kupanua kumi nusunusu.

Tuanze kuuliza

Simtetei dereva mzembe. Anayepiga fri mlimani, anayezidisha mzigo, anayetembeza lori lenye laining zilizokwisha, anaua na anastahili mkono wa sheria. Mmiliki anayemnyima vipuri anastahili zaidi. Ila nimechoka kusikia uchunguzi wa ajali ya mlimani ukifungwa kwa maneno mawili, uzembe wa dereva, kabla mtu yeyote hajashika kipimo. Kosa la dereva linaeleza kwa nini ameanguka yeye. Halielezi kwa nini wengine kadhaa wameanguka kwenye kona ileile, wa magari tofauti, wa kampuni tofauti, miaka tofauti.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Kila mradi wa kujenga au kupanua barabara ya mlimani utoe hadharani jedwali la kona zake kali, na kwa kila kona liandikwe nusukipenyo, mlalo wake, urefu na ukali wa mteremko unaotangulia, na mteremko wa ukingo wa ndani. Si wa mstari wa katikati, wala si wastani wa mlima mzima, kwa sababu hakuna gari lililowahi kupinduka kwenye wastani. Ajali kubwa ikitokea kwenye kona, timu ya uchunguzi iwe na mpimaji wa ardhi, apime vitu hivyohivyo na matokeo yatangazwe pamoja na hali ya breki za gari.

Kwa barabara ambazo fedha za kuzichonga upya bado hazijapatikana, yapo ya kufanya sasa. Juu ya kila mteremko mrefu pawe na mahali pa lazima pa malori kusimama, kupooza breki na kuchagua gia ya kushukia. Vibao vya kasi viwe na kipimo cha malori peke yake, kwa sababu kona inayolivumilia gari dogo kwa 60 inaweza kulipindua tangi kwa 50. Kabla ya kona za mwisho wa mteremko zijengwe njia za kuchepukia zilizojazwa kokoto nene, ambamo gari lisilo na breki linazama na kusimama. Hizo si mbadala wa usanifu mzuri. Ni za kuokoa maisha wakati tunausubiri.

Na kamati za bunge, madiwani na sisi waandishi tujifunze swali moja la kuuliza mchoro unapowekwa mezani: ukingo wa ndani wa kona ile ni asilimia ngapi? Mhandisi aliyefanya kazi yake atajibu papo hapo, na atafurahi kuulizwa. Asiye na jibu, arudi mlimani akapime kabla hatujamlipa.